Kumbe Wajapani Nao Walikuwa na DJ wa Muvi

Samurai amezingirwa. Askari wanamjia kwa kamba, kwa ngazi, kwa fimbo ndefu, naye anakata, anarudi nyuma, anayumba, anakata tena. Upanga haulii. Nyayo hazisikiki. Kinachotoka kwenye laptopu yangu ni sauti ya mwanamke mmoja anayesimulia kwa Kijapani: mara ni samurai mwenyewe anayehema, mara ni mkuu wa askari anayefoka, mara ni binti anayelia pembeni.

Picha inaitwa *Orochi*, ya Kijapani isiyo na sauti, ya mwaka 1925. Steringi ni Bando Tsumasaburo, macho makubwa, nywele zimetimka.

Mpwa wangu alikuwa anapita na sahani yake ya wali. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mjomba, huyo ni DJ?"

"DJ gani?"

"Si huyo anayetafsiri." Akatafuna, akasikiliza kidogo. "Lakini mbona anatafsiri Kijapani kwa Kijapani?"

Nilimwambia wali utapoa.

Wiki zimepita, na swali lake bado ninalo. Mtoto aliyekulia jirani na kibanda umiza anajua vizuri DJ wa muvi anafanya nini: watu kwenye picha wanaongea Kichina au Kiingereza, sisi hatuwaelewi, basi anakuja mtu anatusemea kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Sasa kama watazamaji ni Wajapani, waigizaji ni Wajapani, na maandishi yanayotokea katikati ya picha ni ya Kijapani, huyu mwanamke ana kazi gani pale?

## Mwanzo alikuwa wa kujaza muda

Habari za Paris, Desemba 1895, ndugu Lumière na lile onyesho lao la sinema mgahawani, naziruka, umeshazisikia. Twende Kobe, mwaka 1896, ilipofika mashine ya picha ya Edison, yule mvumbuzi wa Marekani. Lilikuwa sanduku la kuchungulia, mtu mmoja mmoja. Mapema mwaka uliofuata Inabata Katsutaro, mfanyabiashara aliyewahi kusoma Lyon, alionyesha mashine ya Lumière mjini Osaka, na safari hii watu waliangalia kwa pamoja, ukutani.

Tangu siku hizo palikuwa na mtu wa kusema. Wajapani walimwita benshi.

Sanaa haikuwa sababu. Picha moja haikufika hata dakika. Mtu ametoa hela yake, amekaa, taa zimezimwa, na kabla hajapata mkao mzuri imekwisha! Kwa hiyo mwenye onyesho aliweka mtu mbele aeleze mashine inavyofanya kazi, umeme ni kitu gani, ile ni nchi gani, na wale watu wamevaa nini kichwani. Kisha picha. Kisha picha ileile tena.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu siku hizo. Edison alikuwa na picha ya mwaka 1896 ya May Irwin na John Rice wakibusiana. Japani ya wakati ule busu halikuwa jambo la hadharani, na polisi walikuwa macho. Benshi akawahi: huko Magharibi, akasema, watu husalimiana hivyo, kama sisi tunavyogusana bega. Onyesho likaendelea.

Kwenye mkanda hakuna kilichokatwa, na ukumbi mzima ukaona salamu.

## Kusoma walijua

Jibu nililotaka kumpa mpwa wangu lilikuwa jepesi: watu wa zamani hawakujua kusoma, ndiyo maana walisomewa. Kwa Ulaya lingekaribia kutosha. Hispania walikuwa na mtu wa aina hiyo, Uholanzi walikuwa naye, na nje ya Ulaya hata Quebec, Kanada. Sehemu nyingi walianza kutoweka picha zilipokuwa ndefu, zikajifunza kujieleza kwa mpangilio wa matukio na kwa vipande vya maandishi.

Japani ilikwenda njia yake. Ukumbi wa kwanza wa kudumu wa sinema, Denkikan wa mtaa wa Asakusa, Tokyo, ulifunguliwa mwaka 1903, na mabenshi hawakupungua, waliongezeka. Kufikia miaka ya mwisho ya 1920 waliosajiliwa walizidi 6,000, na wanawake walikuwemo. Hiyo ni nchi ambayo watoto wake karibu wote walikuwa wakipelekwa shule. Watu walijua kusoma, maandishi yalikuwa pale kwenye skrini, na bado walitoa hela wamsikie mtu akiyasema.

Ufahamu uliniingia nilipoangalia bunraku, maigizo yao ya vikaragosi. Kikaragosi kimoja kikubwa kinaendeshwa na watu watatu, na watu hao wanaonekana waziwazi jukwaani. Wote kimya. Pembeni ameketi msimuliaji mmoja na mpiga shamisen, ala yao ya nyuzi. Msimuliaji huyo ndiye mama, ndiye mtoto, ndiye muuaji, ndiye mvua. Watazamaji wa pale walikuwa na karne kadhaa za kuzoea kwamba mwili unaweza kuwa hapa na sauti yake ikawa kule, na hakuna aliyeona pengo. Sinema ilipowafikia ikiwa haina sauti, walijua mara moja mtu wa sauti anakaa wapi.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Nani hajamwona mzee amekaa uwanjani, Simba na Yanga wanacheza mbele ya macho yake, na yeye amebana redio sikioni anamsikiliza mtangazaji akimwambia kinachotokea palepale anapoangalia? Hakuna aliyewahi kumwambia mzee huyo kwamba haoni vizuri.

Nilimpa mpwa wangu jibu hilo la redio. Alilikubali haraka kuliko mimi.

## Jina kubwa kuliko la steringi

Benshi wa mjini hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya mashine. Alisimama kando ya skrini, mbele yake meza ndogo yenye taa hafifu, amevaa koti la sherehe la Kizungu au vazi rasmi la Kijapani. Wapiga muziki walikuwa karibu naye, vinanda na fidla pamoja na shamisen. Kwa picha za Kijapani za miaka ya 1910 waliweza hata kuwa kundi, kila mmoja na mhusika wake. Jina lake liliandikwa kwenye matangazo, mara nyingine kwa herufi zinazoshindana na za waigizaji. Watu walichagua ukumbi kwa kufuata benshi. Picha ileile ingeweza kuwa ya kuchekesha mtaa huu na ya kuliza mtaa wa pili.

Alikuwa na usemi pia kwa mwendesha mashine. Zama hizo mkanda ulikwenda kwa kuzungushwa kwa mkono, kwa hiyo kama benshi alitaka muda zaidi kwenye kifo cha mama, mkono ulipunguza mwendo. Kama vita ilichosha, mkono uliongeza.

Hapa ndipo nilipoanza kupata wasiwasi.

Inasimuliwa kwamba miaka ya 1900 kampuni ya Pathé ilipeleka Japani picha ya mwisho wa utawala wa Louis XVI, mfalme wa Ufaransa. Mfalme anaangushwa na wananchi wake: kwa nchi ya mfalme mkuu hiyo haikupita. Ikaondolewa. Punde ikarudi na jina jipya, kisa cha ajabu cha mfalme wa pangoni huko Amerika Kaskazini. Mkanda ni uleule. Louis sasa ni kiongozi wa majambazi milimani Marekani, na umati unaovamia gereza la Bastille ni raia wema wanaowasaidia polisi.

Nilicheka sana. Halafu nikajiuliza, huyu aliyeyafanya haya ana tofauti gani na mtu anayemziba mwenzake mdomo na kusema kwa niaba yake? Mapinduzi ya Ufaransa yamegeuzwa ushindi wa polisi, na aliyeketi ukumbini hana namna ya kujua.

## Waliokasirika walikuwa na haki

Miaka ya 1910 walitokea vijana wa Kijapani waliochoshwa kabisa. Walikuwa wakiangalia picha za Marekani na Ulaya, wanaona jinsi uso mmoja uliosogezwa karibu unavyoweza kusema jambo zima, kisha wanarudi kwenye picha za nyumbani na kukuta kamera imesimama mbali kama imesahauliwa, waigizaji wamejipanga kama jukwaani, wanaume ndio wanaocheza nafasi za wanawake. Kwa nini mtengenezaji ajisumbue? Benshi ataeleza. Kaeriyama Norimasa aliandika juu ya hili na kisha akatengeneza picha zake mwenyewe mwishoni mwa muongo huo. Mwandishi Tanizaki Junichiro aliingia nao mwaka 1920. Walitaka picha ijitegemee, benshi akae kimya au aondoke.

Nawaelewa vijana hawa mno. Mimi ni mtu niliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza, muvi ndiyo kwanza inaanza, na DJ anamnyooshea kidole mtu mmoja mpole mwenye miwani: "Huyu mumuone hivi hivi, huyu ndiye atakayemuua baba yake steringi." Ukumbi unashangilia. Mimi najiuliza nimelipa kuangalia nini.

Kwa muda nilikuwa upande wa Kaeriyama moja kwa moja.

Kilichonitikisa ni mtu aliyeitwa Tokugawa Musei. Alizaliwa mwaka 1894 na akawa benshi wa picha za nje, zile zilizopendwa na wanafunzi na wasomi. Sifa yake ilikuwa kubana maneno. Mwaka 1921 alisimulia ile picha ya Kijerumani ya Caligari, yenye kuta zilizopinda na vivuli vilivyochorwa sakafuni, kitu ambacho mwingine angekimaliza kwa maelezo. Yeye aliiacha picha itishe kwanza. Akasema kidogo, kwa sauti ya chini, akanyamaza tena. Watu wakamfuata kwa ajili ya kunyamaza kwake kama walivyowafuata wengine kwa ajili ya mbwembwe.

Kumbe kazi ileile iliweza kubeba wote wawili, aliyemgeuza Louis kuwa jambazi na huyu.

Na jambo jingine, ambalo vijana wale hawakuweza kuliona wakati ule. Kwa sababu mabenshi walikuwa na nguvu na watu waliwapenda, Japani ilichelewa kuacha picha zisizo na sauti. Hollywood ilikuwa imeshahama kabisa, na mwongozaji Ozu Yasujiro bado alikuwa akitengeneza picha kimya hadi katikati ya miaka ya 1930. Baadhi ya kazi nzuri kuliko zote za aina hiyo zilitengenezwa katika miaka hiyo ya kuchelewa, na watu waliokuwa wamejifunza kila ambacho kamera inaweza kusema. Naona ajabu kwamba walioshtakiwa kwa kuidumaza picha ndio waliosaidia kuinunulia muda wa kukomaa.

(*Orochi*, kwa wanaotaka kujua, haimalizi vizuri. Tumezoea kwamba steringi hafi. Huyu hafi kweli, lakini anafungwa kamba na kupelekwa, na mji unamwona mhalifu. Mpwa wangu alisema DJ angepaswa kufanya kitu.)

## Polisi walielewa mapema

Mwaka 1917 polisi wa Tokyo walitoa kanuni za maonyesho ya picha. Wanaume na wanawake waketi mbalimbali, watoto wawe na picha zao, na kila benshi awe na leseni. Baadaye maelezo yake yalitakiwa yaandikwe na kuwasilishwa pamoja na picha yakaguliwe. Serikali haikuwa na shida ya kuamua kama benshi ni msanii au si msanii. Ilijua kwamba kukagua mkanda na kumwacha mtu wa maneno ni kukagua nusu.

Korea waliokuwa chini ya utawala wa Kijapani walilijua hilo kwa namna yao. Msimuliaji wao aliitwa byeonsa. Oktoba 1926 Na Woon-gyu alionyesha picha yake *Arirang* mjini Seoul: kijana aliyerukwa na akili anamuua kibaraka wa mwenye ardhi, na mwisho anapelekwa na polisi juu ya kilima watu wakiimba. Ukisoma maandishi yaliyopitishwa, ni kisa cha kijijini. Ukumbini byeonsa aliweza kukisema kwa namna ambayo kila Mkorea alijua kilima kile ni kilima gani, na kwamba kisa ni cha nchi yao. Polisi akiwa ameketi ndani, msimuliaji alisema hivi. Polisi akitoka, alisema vile. Picha yenyewe imepotea. Haijulikani ilipo nakala hata moja. Iliyobaki ni kumbukumbu ya maneno na wimbo.

Nilipofika hapo nikakumbuka nyumbani.

Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Picha hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri. Mwaka 1939 London ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, chini ya William Sellers, na magari ya sinema yakaenda vijijini yakiwa na picha zisizo na sauti na mkalimani mwenye kipaza sauti. Lugha nyingi zilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa imani ya Sellers kwamba Mwafrika anahitaji picha za polepole, zisizorukaruka, la sivyo atachanganyikiwa. Hiyo ni miaka ambayo watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijazana kwenye kumbi kuangalia picha za Kihindi zenye nyimbo na mizunguko ya hadithi ambayo ingemchanganya Sellers mwenyewe.

Lakini huyo mkalimani sijamaliza naye. Kwenye gari kuna ofisa wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili cha kuagizia chai. Picha inahusu choo cha shimo au mbegu bora. Kipaza sauti kiko mkononi mwa kijana wa Kiafrika, na mbele yake kuna kijiji kizima kinachosubiri kucheka. Alisema kilichoandikwa tu? Kila usiku, kila kijiji? Nawajua ndugu zangu. Sidhani.

## Kaka wa mtu maarufu

Februari 1931 picha ya Marekani *Morocco* ilionyeshwa Japani ikiwa na tafsiri iliyoandikwa kwenye skrini. Agosti mwaka huohuo picha ya Kijapani inayoongea, ya mwongozaji Gosho, ilipata mafanikio makubwa. Wenye kumbi walipiga hesabu. Benshi na kundi la wapiga muziki ni mishahara; kipaza sauti hakidai mwisho wa mwezi.

Mabenshi waligoma.

Mmoja wa viongozi wa mgomo alikuwa kijana aliyesimulia picha za nje kwa jina la kazi la Suda Teimei. Jina lake la nyumbani ni Kurosawa Heigo. Alikuwa na mdogo wake aliyempenda, akamfungulia mlango wa sinema, akamwambia picha zipi aende kuangalia. Mgomo ulishindwa. Mwaka 1933 Heigo alijiua, akiwa bado katika miaka ya ishirini. Yule mdogo wake, Akira, aliingia kwenye kazi ya filamu miaka mitatu baadaye, na dunia nzima inalijua jina la mwongozaji huyo, Akira Kurosawa.

Akira ameandika kwamba baadaye alikutana na Musei, ambaye naye aliponea kwenye redio akawa sauti ya taifa. Musei alimtazama, akamwambia umefanana na kaka yako kabisa, ila yeye alikuwa negativu na wewe ni pozitivu.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Watu wanaifafanua kwa tabia, kwamba mmoja alikuwa mtu wa giza na mwingine wa nuru, na huenda Musei alimaanisha hivyo tu. Lakini kila aliyewahi kufanya kazi na mkanda anajua kwamba bila negativu hakuna cha kuchapa.

## Kilichobaki kwenye makabati

Picha nyingi za Kijapani za zama hizo hazipo. Tetemeko la 1923 lilichoma Tokyo, mabomu ya vita yakachoma tena, na zilizobaki nyingi zilitupwa kwa kuwa hazikuwa na soko. Sauti za mabenshi zilikuwa zinapotea kila usiku onyesho linapokwisha, isipokuwa chache zilizowekwa kwenye santuri za kuuzwa madukani. Baada ya vita mtu mmoja, Matsuda Shunsui, aliyekuwa msimuliaji tangu utotoni, alianza kukusanya mikanda iliyosahaulika huku akiendelea kusimulia. Sawato Midori akajifunza kwake. Wapo wengine vijana zaidi wanaosimulia leo, na kumbi zinajaa.

Sisi tuna Lufufu aliyetusimulia picha za karate na za Kihindi kwa sauti ile ambayo ukiitaja mbele ya mtu wa rika langu anaanza kuiga. Kenya wana DJ Afro. Kampala wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Wenye hakimiliki watakuwa na maneno yao juu ya kazi hizi, na ni maneno ya haki. Hata hivyo nikitaka leo kumsikiliza Lufufu wa kanda za mwanzo, si vipande vilivyokatwakatwa mtandaoni, naambiwa kanda hiyo ilikuwepo, kisha ikarekodiwa harusi ya shangazi juu yake.

Kwa hiyo nina ombi. Ukifungua kabati la wazazi ukakuta kanda ya VHS iliyoandikwa kwa kalamu "imetafsiriwa", usiitupe na usimpe mtoto aivute utepe. Niandikie, hata kama inaruka au ina ukungu. Deki ninayo, inafanya kazi, na nauli nitajilipia.